Mzabibu wa Metroni Wavishwa Bitana

Itangazwe kwa wenye masikio, na wasiosikia waandikiwe kwa herufi kubwa: kwamba Mama Futi, fundi cherehani wa nyumba ya pembeni yenye dirisha la kijani, mwanamke aliyevisha maharusi hata hesabu ikampotea, aliyewahi kumwambia jaji mzima "vuta tumbo ndani" na jaji akavuta, asiyeogopa polisi, paka wala sindano, amekabidhiwa na ukoo jukumu zito la kuhamisha mti mmoja. Mti wenyewe unatoka ukutani unakwenda karibu na tangi la maji. Hatua kumi na nne. Na tangu akabidhiwe, tonge halijapita kooni kwake bila kusukumwa na maji.

Jina la Mama Futi lilitokana na ile futikamba iliyomning'inia shingoni toka asubuhi hadi anapozima taa. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo msibani, na picha ya harusi ya dada yake imeharibika kwa sababu hiyohiyo. Mtaani walisema anapima watu wakipita. Ni kweli, alikuwa anapima. Lakini kilichomjengea jina ni woga. Alipokuwa na miaka kumi na saba, anajifunza kazi kwa shangazi yake, alikata mikono ya gauni la bibi harusi, yote miwili ya kushoto. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na duka lililokiuza lilikuwa limefungwa. Bibi harusi akaolewa amejifunika mtandio katikati ya joto, anatoka jasho kama aliyekimbizwa. Shangazi hakumpiga. Alimwangalia tu. Laiti angempiga!

Toka siku hiyo Mama Futi akipata kitambaa anapima mara tatu, anapiga chaki, anakwenda kunywa maji, kisha anarudi anapima mara ya nne huku ametazama pembeni, kama mtu anayejiibia mwenyewe. Ndipo anakata. Mkasi ukishaanza kutembea hatetemeki hata kidogo. Kutetemeka anakuwa amekumaliza kabla.

Sasa huo mti. Ulikuwa mzabibu wa miaka thelathini na mmoja, shina lake nene kama mkono wa mbeba mizigo, umepanda ukuta wa nyuma ukajitandaza juu ya fito mpaka ukawa dari. Aliupanda baba mkwe wake, marehemu, mwaka alioijenga nyumba. Na mwenye mti kwa sasa alikuwa mjane wake, mama mkwe, ambaye dunia nzima ilimwita Metroni. Alikuwa ametawala wodi za hospitali miaka thelathini, akastaafu, ila habari za kustaafu kwake hazikuwafikia mashuka ya nyumba ile. Bado aliyakagua pembe. Kila asubuhi alikaa chini ya mzabibu na kikombe chake cha chai, akazungumza na marehemu mumewe. Akizungumza, maana yake anamgombeza: bomba linavuja, mwanao anazidi unene, na ule mlango nilikwambia toka mwanzo unafungukia upande mbaya.

Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa, Metroni hakuwahi kumwita Mama Futi kwa jina, wala "binti yangu," wala hata "wewe." Alimwita "mke wa mwanangu." "Mke wa mwanangu, chumvi." "Mke wa mwanangu, simu yako inalia." Alivyolitamka, ungedhani ni cheo cha muda na tangazo la nafasi ya kazi bado liko ukutani.

Mambo yaliharibika msimu wa baridi. Metroni alikuwa amekwenda kufanyiwa upasuaji wa goti, akawa anaugulia kwa binti yake, mji mwingine. Mzabibu umepukutisha majani, umebaki vijiti. Siku ya Jumatatu wakaja watu watatu wa mtaro wa majitaka na gurudumu la kupimia. Wakapita nyuma ya nyumba wakipuliza rangi nyekundu ardhini, mstari mnyoofu, haukupinda kwa ajili ya mtu. Mstari ukafika kwenye shina la mzabibu, ukalipanda, ukashukia upande wa pili.

"Jumatatu ijayo gari la kuchimba linapita," alisema mkubwa wao. "Chochote kilicho juu ya nyekundu, kinakwenda."

"Hicho ni mti wa mama mkwe wangu!"

Yule bwana akautazama mti, kisha akamtazama yeye. Inaelekea naye alikuwa na mama mkwe, kwa sababu alishusha sauti. "Pole sana, mama," akasema, akaondoka.

Jioni Mama Futi alimsubiri mumewe mlangoni. Mume alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa miaka mingi ya kukaa kiti cha pembeni akiokolewa na breki ya ziada, mguu wake wa kulia ulikuwa umejitwalia uhuru wake. Akishtuka popote, hata mezani, mguu unakanyaga. Ndiyo maana watu walimwita Breki.

"Tumpigie Mama simu," alisema Mama Futi baada ya kumweleza.

Mguu ukakanyaga sakafu, pu! "Thubutu! Daktari kasema asishtuliwe. Presha yake unaijua."

"Presha ya nani, yake au yako?"

"Zote mbili."

"Basi uhamishe wewe, baba watoto. Ni mti wa baba yako."

"Mimi na mkasi wapi na wapi? Wewe ndiye mwenye mkono wa kukata. Mji mzima unajua."

"Nakata vitambaa! Kitambaa hakifi!"

Breki aligeuka akakagua swichi ya taa kama kwamba ndiyo iliyokuwa na tatizo. Mama Futi akajua kesi imekwisha, na aliyehukumiwa ni yeye.

Kesho yake akaenda kwa muuza miche wa pale kwenye mzunguko wa barabara, mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Bwana Miche, mwenye tabia ya kuongea na wateja kwa sauti ya daktari anayetoka chumba cha upasuaji.

"Umri?"

"Miaka thelathini na mmoja."

Bwana Miche akavua kofia. "Pole."

"Haujafa, bwana! Nataka kuuhamisha."

"Ndiyo maana nakupa pole mapema." Akavaa kofia tena, akaanza kuhesabu kwa vidole. Leo na kesho mwagilia shina mpaka udongo ulainike. Keshokutwa kata kila kitu, ubakize shina la kufika gotini na mikono miwili mifupi, kila mkono macho matatu. Hayo macho ni vile vivimbe ambako chipukizi hutokea. Chimba mduara mpana, usiwe na pupa. Mizizi ikitoka na udongo wake, ifunge kwa gunia, panda na gunia lake. Gunia litaoza lenyewe.

"Nikate kila kitu?" Mama Futi aliikamata futikamba yake. "Dari yote?"

"Mizizi itakayobaki haiwezi kulisha ukoo wote huo. Usipokata, unakufa."

"Na nikikata?"

"Pengine unakufa pia," alisema Bwana Miche kwa upole. "Lakini utakuwa umefuata utaratibu."

Jioni hiyo, saa kumi kamili kama kawaida, simu ikaita. Metroni alipiga kila siku saa kumi, muda wa kupokeana zamu wodini.

"Mke wa mwanangu. Mzabibu unaendeleaje?"

"Umelala, Mama." Haukuwa uongo. Mti usio na majani umelala.

"Usimruhusu mtu aukatekate hovyo. Marehemu hakupenda watu waushike."

"Hakuna atakayeukata hovyo, Mama." Hata hilo halikuwa uongo, kwa kulipindapinda. Alipokata simu kijasho chembamba kilikuwa kimelowesha futikamba.

Usiku ulipita, akaanza maandalizi, na ni katika maandalizi ndipo alipofanya kosa ambalo mkulima asingelifanya hata kwa kulewa. Aliletewa gunia. Akaligeuza, akalinusa. Lilikuwa la vitunguu, limetoboka, lina nyuzi zinazoning'inia. Akamfikiria Metroni aliyekagua pembe za mashuka. Mti wa mumewe uende safari yake ya mwisho, au ya kwanza, ndani ya gunia la vitunguu? Mbele ya uso wa fundi? Akalitupa. Akafungua kabati, akatoa bitana ya buluu iliyokoza, nzuri, ya kushonea ndani ya suti za waungwana, akakaa kwenye cherehani. Alishona mfuko wenye chini ya duara, mshono maradufu, na kamba ya kuvuta shingoni. Hata ndani aliziba kingo za kitambaa, mahali ambapo pangeonwa na minyoo peke yake. Ulikuwa mfuko ambao mtu angeweza kuuvaa kanisani.

Kisha akaenda kwenye mti na chaki yake. Alipima kila tawi mara tatu. Akahesabu macho, akapiga alama nyeupe kila mahali pa kukata, akaandika namba. Kazi ya saa nne. Mzabibu ukawa kama kitambaa kilichotandazwa mezani, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akapumua hadi chini. Akaenda kunywa maji.

Aliporudi, alimkuta Breki amesimama na mpira wa maji, anaumwagilia mti kwa upendo. Kuanzia juu.

"Bwana Miche si alisema udongo ulainike?" Breki alisema, ametabasamu kwa fahari ya mtu aliyesaidia. "Nimeona niuoshe wote, uchangamke."

Chaki ilikuwa inateremka shinani kama maziwa. Breki akaona uso wa mkewe, mguu ukakanyaga maji, yakamrukia.

Asubuhi ya siku ya kukata, matawi yalikuwa matupu. Hakuna namba, hakuna alama, na mikono yake haikukubali kupima upya. Futikamba ilitetemeka hata tarakimu zikawa hazisomeki. Alisimama na mkasi wa kupogolea wa kuazima, akamsikia shangazi yake akimwangalia. Ndiyo, akamsikia. Mtazamo ule ulikuwa na sauti. Alitaka kukimbia. Aliangalia mlango wa nyuma, akapima kwa macho, hatua tisa. Halafu akakumbuka gari la kuchimba, ambalo lisingepima chochote, akajikaza, akakata.

Tawi la kwanza likaanguka. Dunia haikupasuka. Akakata la pili. Dari ya miaka thelathini na mmoja ikashuka vipande vipande, jua likaingia zima, bila kuchujwa na vijiti, kwa mara ya kwanza toka Breki akiwa mtoto, likaangaza kiti cha Metroni na kukionyesha kuwa kimechakaa. Kilipobaki kisiki cha gotini na mikono miwili, Mama Futi alikaa chini, akaegemea ukuta. Mti ulifanana na mtu aliyenyoosha mikono juu mbele ya majambazi.

Kuchimba kulichukua siku mbili. Breki alichimba vizuri, haki yake apewe, ingawa kila sepetu ilipogusa mzizi mguu wake uliikanyaga, nayo ikazama zaidi. Wakauvisha mti mfuko wa bitana, wakauburuta juu ya turubai hatua kumi na nne, wakaushusha shimoni, wakafukia, wakamwaga maji. Jumatatu gari la kuchimba likapita juu ya mstari mwekundu kama lilivyoahidi.

Ndipo likaja jambo lililomtisha kuliko mkasi: kungoja. Kitambaa ukikikosea, unajua palepale. Kisiki hakikusema kitu. Aliyekufa na aliyelala walikuwa na sura moja. Bwana Miche alikuwa amemwambia akwaruze gome kidogo kwa ukucha. Kukiwa na kijani chini yake, mti uko hai. Akakwaruza: kijani! Akafurahi dakika mbili, kisha akaona afadhali ahakikishe. Akakwaruza kesho yake. Na kesho yake. Wiki ya tatu kisiki kilikuwa na makovu kama mlango wa nyumba yenye paka, na Mama Futi, kwa kuogopa kwamba sasa anakiua yeye mwenyewe, akakishonea bandeji za pamba na kuzifunga kwa vishikizo.

Na simu saa kumi. "Umelala bado?"

"Bado, Mama."

"Unalala sana mwaka huu."

Wifi yake, aliyekuwa anamuuguza Metroni, alijua kila kitu kwa kuwa Breki hakuweza kumficha dada yake kitu. Naye alipiga simu saa kumi na moja.

"Wifi yangu kipenzi, mdomo wangu unawasha. Hivi ile rangi ya zambarau bado unayo? Yenye kung'aa?"

"Wifi, nimeshakushonea magauni mawili!"

"Najua, na nimenyamaza mara mbili. Sasa Mama yuko hapa jikoni, ananiuliza nacheka nini..."

Mama Futi akashona la tatu. Yalikuwa magauni ya kunyamaza, na lile la zambarau lilikaa kuliko yote.

Wiki ya saba akaja mteja na koti la marehemu baba yake, lililofungiwa sandukuni miaka kumi na tano, akitaka lipunguzwe mabega. Mama Futi akalitandaza mezani. Nondo walikuwa wamekula sufu yote ya mgongoni. Iligeuka unga mikononi mwake. Akaligeuza kutazama ndani.

Ndani bitana iling'aa. Buluu iliyokoza, laini, haina hata doa. Kama imetoka dukani asubuhi hiyo.

"Bitana hii haiozi, eeh?" mteja alisema kwa kustaajabu.

*Gunia litaoza lenyewe.* Gunia! Wiki saba mizizi ya mume wa Metroni ilikuwa ndani ya poliesta yenye mshono maradufu, imefungwa kamba shingoni, inazunguka gizani ikitafuta mlango ambao fundi hodari hakuuacha.

Hakumuaga mteja. Alichukua wembe wa kufumulia mishono, akatoka mbio na futikamba ikimpiga mgongoni. Alifukua kwa mikono ubavuni mwa kisiki, akalala kifudifudi, akaingiza mkono hadi begani. Vidole vikagusa kitambaa laini, nyuma yake kitu kikambonyea. Akafumua nyuzi mbili, akaingiza kidole. Mizizi mipya! Myeupe, myembamba, imejiviringisha kwenye bitana kama uzi kwenye bobini. Ulikuwa hai. Hai, na unajinyonga.

Furaha haikupata nafasi. Wembe ukikosea kidogo tu, unaikata. Alifumua mshono mmoja mmoja kwa kupapasa, na mishono ile ilikuwa midogo, sawasawa, imekazwa, kazi bora kuliko zote alizofanya maishani. Alijilaani kwa ubora wake. Udongo ukamwingia sikioni. Mkono ukafa ganzi. Alikuwa amefika nusu ya duara kivuli kilipomwangukia, na kando ya pua yake ikatua ncha ya fimbo ya kutembelea.

"Mke wa mwanangu," sauti ilisema. "Unamzika nani?"

Kwa jicho lisilo na udongo aliona viatu vya Metroni, soksi zimevutwa sawa. Nyuma yake pindo la gauni la zambarau: wifi. Kule langoni Breki alikuwa na sanduku la safari mkononi, mguu wake ukikanyaga, ukikanyaga, na hakuna kilichosimama.

"Goti limepona mapema," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Alinikataza nisipige simu."

Mama Futi hakuweza kuinuka. Akitoa mkono, udongo unaporomoka juu ya mizizi iliyo wazi. Kwa hiyo akaungama akiwa amelala, shavu chini, meno yakigongana: mstari mwekundu, mkasi, dari, gunia la vitunguu, bitana. Aliungama mpaka bandeji. Wifi naye akaungama magauni mawili, la tatu, alilovaa, akalifunika kwa mkoba.

Metroni akauliza, kwa sauti ya wodini, "Upasuaji lini?"

"Wiki ya saba hii, Mama."

"Maji?"

"Ndoo mbili kila siku ya tatu."

"Homa?"

"Ya mti?"

"Yako."

"Kila siku, Mama."

Metroni akainama taratibu kwa goti lake jipya. Akafungua kishikizo cha bandeji ya mkono wa kushoto, akapitisha kidole gumba juu ya macho, moja, mbili. Kwenye la tatu kidole kikasimama. Jicho lilikuwa limevimba, limefunguka kidogo, na ndani yake mna manyoya ya waridi kama sikio la panya mchanga. Akalitazama kwa muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umelegea namna ambayo hata watoto wake hawakuwahi kuiona, nao wakaogopa.

"Nimeongoza manesi miaka thelathini," alisema, "na walionikosesha usingizi ni wale ambao mikono haikuwatetemeka. Siku ya harusi yenu nilimwambia marehemu, binti huyu ana woga mno, hataiweza nyumba hii. Akanicheka. Miaka kumi na tisa nimengoja nimwonyeshe kwamba nilikuwa sahihi." Langoni Breki alikuwa ameanza kulia waziwazi. Wifi alitoa simu arekodi. Metroni akasogea hatua moja mbele, karibu kabisa, akaweka kiganja juu ya kichwa chenye udongo. "Leo, mbele ya watoto wangu, na mbele yake yeye mwenyewe aliyeupanda mti huu, nasema: wewe si mke wa mwanangu tena. Wewe ni mwanangu."

Chini pale, Mama Futi akafumba macho, wembe ukiwa umekazwa kati ya vidole viwili, ndani kabisa ya giza.

"Mama," alisema, "umekanyaga mizizi."